Ubeti wa Kuku na Bata

Temeke ya mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona haikuwa mahali pa mtu mwenye haya. Nyumba zimebanana, ua mmoja, choo kimoja, na siri ya mtu ilikaa mdomoni mwake kwa muda wa kutafuna karanga tu. Wenzetu wa Oysterbay walikuwa na bahari, sie tulikuwa na habari. Na habari kubwa ya mwaka ule, kuliko hata ule unga wa njano uliotufundisha kusimama foleni kama askari, ilikuwa ya Apolonia na ubeti wa kuku.

Msije mkamdhania vibaya kabla hamjamjua. Alikuwa Mmwera wa vilima vya nyuma ya Ndanda, mfupi, mweusi wa kung'aa, ana mwanya ambao Polikarpo, mumewe, alidai ndio uliomtoa seminari. Uongo mtupu. Seminari ilimwacha Polikarpo kwanza, yeye ndipo akaiacha. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya dansi ya shirika moja la umma, na kwenye karatasi za shirika aliandikwa karani wa stoo, stoo ambayo aliiona siku ya mshahara. Midomo yake ilijua kazi mbili, kupuliza tarumbeta na kujisifu, na ya pili ndiyo aliyoifanya bila mapumziko.

Apolonia ndiye aliyefanya kazi hasa. Alikuwa kwenye kiwanda cha nguo, barabara ya Pugu, anasimamia mashine nne za kufuma peke yake, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo zamu ya usiku. Zile mashine hazikuwa na adabu. Zilimwimbia masikioni hata akiwa nyumbani, hata kanisani padri akihubiri, basi akawa husikia nusu ya maneno na nusu nyingine anaijaza mwenyewe. Alisema mahubiri nusu yanamtosha, maana dhambi zake nazo si nzima. Watu walicheka. Hakuna aliyejua kwamba ile nusu isiyosikika ndiyo itakayokuja kumwangusha.

Walizaa mtoto mmoja, Felicitas, na Temeke nzima ikamwita Felista. Mama yuko zamu, baba yuko mazoezini, mtoto akalelewa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni Mwanabaraka binti Salumu, Mzaramo wa pale pale tangu Temeke ikiwa mashamba ya mihogo, nyumba ameachiwa na baba yake, vyumba sita na ua wenye kisima. Ndoa mbili zilimshinda kwa sababu moja, na sababu yenyewe hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Hakujaliwa kuzaa. Alimbeba Felista mgongoni kwa kanga, akamfundisha kukuna nazi, kusuka ukili, kumwamkia mkubwa akiwa amepiga goti. Na Jumapili, Apolonia akiwa zamu na Polikarpo akiwa amelala na uchovu wa dansi, Mwanabaraka alivaa baibui lake akampeleka mtoto misa. Yeye haingii. Alikaa nje kwenye ngazi, ameshika ndala za mtoto, mpaka misa iishe. Watu wa kanisani waliuliza huyo Mkristo gani anayeletwa na baibui. Akawajibu kwamba mtoto ni wa Mungu, yeye anamsindikiza tu.

Wale wanawake wawili waliitana "mwenzangu". Mwenzangu, niazime chumvi. Mwenzangu, mvua hiyo, anua nguo. Wapangaji wengine wa nyumba ile, miaka nenda miaka rudi, walipita mlango wa mbele. Apolonia peke yake alipita mlango wa uani, ule unaopita jikoni kwa Mwanabaraka, na hakuna siku aliyopiga hodi.

Sasa mambo ya kuku. Apolonia alifuga bata, na bata jike wake akagongwa na mkokoteni wa maji, akafa, akaacha mayai yenye joto. Mwanabaraka akayachukua akayatia chini ya kuku wake, kuku mwekundu mwenye kidole kilichopinda, alikanyagwa na baiskeli udogoni. Yule kuku akaatamia, akaangua, akatoka na watoto wake wenye midomo bapa kama vijiko, kifua mbele, hana habari. Siku ya mvua ya kwanza vile vibata vikaona dimbwi la kisimani, vikajitosa. Kuku akapiga kelele, akakimbia huku na huku ukingoni, anadhani wanakufa. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Ndipo Mwanabaraka, anafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Mwenzangu, huyu kuku si ndiye mie? Siku Felista akiolewa utaniona nakimbia hivi hivi."

Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Hilo litunzeni, tutalihitaji.

Basi Felista akapata mchumba, Fransis, kijana wa Kingoni, fundi umeme, kapata chumba kule Tegeta, wakati huo Tegeta pori, fisi wanakwenda kazini pamoja na watu. Ndoa ikapangwa Jumamosi. Na Felista akatoa neno moja tu, akalirudia mpaka kila mtu akalikariri. Hatoki katika nyumba ile kwenda kanisani ila ameshikwa mkono huu na mama aliyemzaa na mkono huu na mama aliyemlea. Mmoja akikosekana, yeye anakaa. Apolonia akamwahidi. Wiki nzima ile hakuwa na ombi jingine kwa Mungu, ila mikono hiyo miwili ipatikane.

Wiki ilianza Jumapili kwa bugi, lile dansi la mchana, bendi ya Polikarpo imepanda jukwaani ukumbi wa jirani kumfurahia mtoto wao. Mwanabaraka naye alikwenda, akakaa pembeni na soda yake, baibui limemfunika, miguu chini ya meza inacheza yenyewe. Apolonia akipanda jukwaani huyo, noti mkononi, anambandika mumewe kwenye paji la uso, anashuka, anapanda tena. Wimbo wa mapenzi katunza. Wimbo wa kilimo katunza. Wimbo wa kumlilia marehemu, watu wameinamisha vichwa, naye katunza, anacheza. Kwenye dansi hakuna kosa, unatunza ukipenda, noti ni asante, basi. Mwanabaraka akamtania kwamba siku bendi ikikohoa atawatunza kikohozi. Angeongeza neno moja tu hapo, kwamba taarabu si hivyo, mengine yote yasingetokea. Lakini nani humfundisha mtu mzima kutoa noti?

Jumatatu akashuka Benedikto, kaka yake Apolonia, kutoka Masasi, mtu wa katekesi, ana gunia la korosho na shingo ngumu. Wakaketi barazani. Benedikto akaeleza kwa kirefu kwamba ukoo umekaa ukaamua, kanisani kiti cha mama ni kimoja, na wakwe wa Kingoni wakiona baibui mbele ya altare watauliza binti ni wa nani. Yule mama ashukuriwe, apewe kanga, abaki na sufuria zake. Mwanabaraka alikuwa ndani anapepeta mchele, ungo ukanyamaza. Apolonia akamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza kasikia maneno yote, akasema, "Kaka, kweli kiti ni kimoja. Lakini benchi ni refu. Sie tutakaa benchi."

Baraza likaangua kicheko, hata Polikarpo akasahau kujisifu. Jioni ile ile Apolonia akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaazima benchi la mikutano la chama, akalibeba kichwani mwenyewe mpaka nyumbani. Ndani ungo ukaanza tena kupepeta. Mtu akimpigania rafiki kiasi hicho Jumatatu, utasema Alhamisi atamchinja?

Ila ni lazima lisemwe na la Jumanne, ingawa dogo. Walikuwa wanampima Felista gauni, Apolonia kapiga magoti ana pini mdomoni, anauliza pindo lifike wapi. Felista, macho kwenye kioo, akajibu, "Subiri, nimuulize mama." Mama mwenyewe yuko miguuni pake, pini mdomoni. Felista hakutambua alichosema. Akatoka akaenda kumwita Mwanabaraka, na Mwanabaraka akaja akaonyesha pindo kwa kidole. Apolonia akashona hapo hapo palipoonyeshwa. Mtu mwenye pini mdomoni atasema nini?

Alhamisi ilikuwa siku ya Mwanabaraka. Alisema wakwe waje na kwaya zao Jumamosi, lakini mwanawe hatoki Temeke bila taarabu. Akaleta kikundi cha kina mama kutoka Ilala, akodioni, fidla, dumbaki, na mwimbaji wao Bi Tunu, mwanamke mnene mwenye sauti inayoweza kukuna nazi. Turubai likafungwa mbele ya nyumba, majamvi yakatandikwa, na baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa wakajaa, udi unanuka mpaka barabarani. Mstari wa mbele kabisa akakaa Hamisa, mke wa yule mume wa pili aliyemwacha Mwanabaraka, kaja na watoto wake wanne wamepangwa kama chupa za soda. Mwanabaraka mwenyewe alimwalika, kwa heshima, asije akaambiwa anaogopa.

Sasa taarabu ina sheria yake, na mtoto wa Pwani huinyonya pamoja na maziwa. Hutunzi wimbo, unatunza ubeti. Ukinyanyuka kwenye ubeti, umesema maneno yale ni yako. Na ukimwelekea mtu ukiwa na noti, umemtumia maneno yale yeye, mbele ya watu, na mwimbaji atayarudia mpaka yafike. Wanawake wamesemana mitaa mizima kwa njia hiyo bila kufungua midomo. Apolonia alikaa Temeke miaka yote ile, lakini taarabu huwa jioni, naye jioni alikuwa zamu au amelala kwa uchovu wa zamu. Alijua noti ni asante.

Akafika na vumbi la pamba kichwani, moja kwa moja kutoka kiwandani, mashine nne bado zinafuma ndani ya masikio yake. Akakaa nyuma ya Mwanabaraka. Mwanabaraka akamgeukia, akampangusa pamba ile kwa kiganja. Bi Tunu akaingia wimbo wa nne au wa tano, wimbo wa zamani wa kikundi chao, hakuutungia mtu, ila kila mwanamke pale aliujua kama anavyojua kisu kilipo jikoni. Akafika kwenye ubeti:

Kuku katamia yai, la bata likatimia,
Kalea kwa kujidai, mwana nimejipatia,
Bata maji hakatai, mtoni kakimbilia,
Mlezi ajapodai, mwana kwao hurudia.

Apolonia alisikia kuku. Akasikia yai la bata. Akasikia mwana nimejipatia. Nusu nyingine ikapotea kwenye mashine, akaijaza mwenyewe kwa kile kicheko cha kisimani. Ni wimbo wao! Akaona mwenzake kamtungia Felista wimbo wa kuku wao, kwa siri, wa kumshtua. Moyo ukamjaa, akanyanyuka. Akakata kiuno mpaka mbele, noti juu, na kabla ya kumpa Bi Tunu akarudi akamzungushia Mwanabaraka kichwani ile noti, mara tatu, kama kwao kusini mtu anavyomheshimu somo wake kwenye ngoma ya unyago, ndipo akaenda kumbandika mwimbaji usoni.

Vifijo vikakatika. Kisha Hamisa akapiga kigelegele, kimoja, kirefu.

Bi Tunu ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Kapewa noti, akarudia ubeti. Apolonia akacheza. Akarudia tena, na mara hii akaukaza ule mstari wa mwisho, na Apolonia, jasho linamtoka, mwanya nje, akacheza na huo.

Mwanabaraka akarekebisha ushungi wake. Akanyanyuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia chai. Na chai ikaja, ikamfikia kila mgeni, na kaimati, na hakuna aliyekosa sukari katika mwaka ambao sukari ilikuwa dawa. Yeye hakurudi kukaa.

Hamisa ndiye aliyemfasiria. Alimsubiri Apolonia kwenye kona ya choo, akamshika mkono kama dada yake, akamwambia amemweza, kwamba wao wamemwogopa yule mwanamke miaka yote, hakuna aliyepata kumwambia tasa usoni, akaja mtu wa bara akamtunza nalo. Apolonia akamtazama asielewe. Hamisa akamsomea ubeti wote, polepole, kama anavyomsomea mtoto. Safari hii hakuna neno lililopotea.

Akamkuta Mwanabaraka chumbani, ameketi kitandani, anakunja kanga zilizokwisha kunjwa.

"Mwenzangu, sikujua."

"Hukujua nini, Mama Felista?"

Tangu wajuane hakupata kumwita hivyo. Apolonia akasimama mlangoni, akaeleza yote kwa fujo, zamu, masikio, nusu aliyoisikia, kule kwao noti ya kuzungusha ni heshima, na yule kuku, si yeye mwenyewe aliyesema kisimani kuku ndiye yeye?

"Nilisema," Mwanabaraka akajibu. "Nilisema uani, tuko wawili, najicheka mwenyewe. Wewe umenisemea barazani mbele ya Hamisa na wanawe."

"Wallahi sikujua," akasema Apolonia, na yeye Mkatoliki.

"Haya. Hukujua." Akaweka kanga chini. "Lakini watu walikuwa wamejaa pale, Mama Felista. Vichwa vyote vile. Mbona mkono wako ulikijua changu?"

Jibu lilikuwepo, jibu zuri kabisa, kwamba alikizungukia kwa sababu ni kichwa anachokipenda. Likamfika kooni. Hapo hapo akakumbuka zile pini za Jumanne, jinsi chuma kilivyokuwa na ladha mdomoni, na jibu likakaa. Sekunde ile aliyonyamaza, Mwanabaraka aliiona. Walikuwa wamekaa pamoja mno, hakuna ukimya wa mmoja ambao mwenzake hakuujua umetoka wapi.

Ijumaa nyumba iliendelea kama saa iliyotiwa ufunguo. Mwanabaraka aliamka kabla ya adhana, akagawa kazi, nani apepete, nani amenye vitunguu, masufuria ya msikiti yakaletwa, kuni zikapasuliwa. Ukimuuliza jambo anajibu vizuri, na ubaya ulikuwa huo. Benedikto alitembea uani anasugua viganja, akasema Mungu ana njia zake, mambo yamejipanga yenyewe. Apolonia akamwambia ale korosho zake anyamaze. Polikarpo akajitolea bendi nzima ije ipige wimbo wa kuomba radhi, yeye mwenyewe atapiga solo. Mkewe akamtazama mpaka akakumbuka ana mazoezi.

Lakini la Felista ndilo lililouma. Alimfuata mama yake kwenye kamba ya nguo, macho mekundu, akamwambia bila kupandisha sauti, "Kama ulitaka nikurudie wewe, ungemwambia kwa mdomo. Mama angekuachia. Hakuwahi kukunyima kitu."

Hata yeye, mtoto wa tumbo lake, hakuamini. Na tena kamwita nani mama hapo? Apolonia alitaka kumuuliza hilo, akaogopa jibu.

Jumamosi asubuhi Felista akatokeza amevaa, mweupe kuanzia utosini, akasimama mlangoni kama alivyoapa, akanyoosha mikono miwili. Apolonia akashika wa kulia. Wa kushoto ukabaki hewani, na wakwe wa Kingoni wamepanga mstari nje wanatazama. Wakaita. Mwanabaraka akatoka jikoni, mwiko mkononi, moshi machoni, akamwambia binti yake pilau halina mtu wa kuliangalia, watangulie, Mungu amweke. Felista akasema hatoki. Mwanabaraka akauchukua ule mkono wa kushoto, akaufuta kwa kanga yake masizi ya kiganja chake mwenyewe, akaubusu, akauweka ndani ya mkono wa Benedikto. Hivyo ndivyo binti alivyotoka, mkono mmoja kwa mama yake na mwingine kwa mjomba aliyenuka korosho, kalia njia nzima, wakwe wakasema huyu kalelewa kwa adabu.

Kanisani benchi la chama lilikuwa limewekwa mbele, limefunikwa kitambaa cheupe. Apolonia akakaa mwisho wake wa kulia kwa mazoea, kama mtu anayemwachia mwingine nafasi. Hakujisogeza katikati misa nzima. Benchi refu likiwa na mtu mmoja upande, hupanda upande wa pili kila akitikisika. Likawa linapanda na kushuka, linagonga sakafu, padri akawa anatazama.

Waliporudi sherehe ikapamba moto. Kwaya ikaimba, bendi ikapiga, Polikarpo akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikawa kamba za kisima, na hakuna mtu aliyewahi kula pilau kama lile Temeke, hilo hata adui atakiri. Wakwe wakalishwa kwanza. Kisha ikaletwa sinia moja peke yake, imefunikwa kawa, ikapita watu wote ikawekwa mbele ya Apolonia, na aliyeileta akasema inatoka kwa mwenye nyumba, ni ya mama wa bibi harusi. Wangoni wakapiga makofi kwa heshima ile. Apolonia akafunua kawa. Kuku mzima, kaokwa, kanona, miguu yake haikukatwa. Na mguu wa kulia una kidole kilichopinda.

Akatafuta kwa macho. Mwanabaraka alikuwa kasimama mlango wa jikoni, kaegemea, anamtazama kama wenyeji wanavyomtazama mgeni ale kwanza wajue chumvi imetosha. Wakwe nao wanangoja, maana mama hajaonja. Apolonia akanyofoa paja. Akala. Kuku aliyeatamia hana nyama laini, alitafuna muda mrefu, na kila akitafuna wale bata wake, sasa wakubwa, walikuwa wanapiga kelele zao kisimani, hawana tena wa kukimbia ukingoni kwa ajili yao.

Mama mkwe wa Kingoni akamuuliza kama chakula ni kizuri. Akasema kizuri.

Haukupita mwezi wakahamia Gongo la Mboto, Polikarpo anawaambia watu ni kwa ajili ya hewa. Hakufukuzwa mtu. Mwanabaraka hakuwaongezea kodi, hakuwasema, aliwasalimia asubuhi na jioni, Mama Felista umeamkaje, Mama Felista umeshindaje, mpaka Apolonia akatamani atukanwe. Siku ya kuhama akakuta bata wake wamefungwa ndani ya tenga, wamelishwa, wamewekwa mlango wa mbele.

Alizoea. Mtu huzoea. Foleni za kule ni zile zile, mashine ni zile zile, na majirani wapya walimpenda kwa maneno yake. Kuna kitu kimoja alichoacha, hakutunza tena. Polikarpo alipiga tarumbeta yake kwenye madansi, jasho likashuka kwenye paji la uso tupu, akalalamika kwamba mkewe hana tena shukrani ya sanaa.

Mwaka uliofuata Felista akajifungua hospitali ya Mwananyamala, mtoto wa kike. Apolonia alikuwa zamu. Habari ikamfikia siku ya tatu. Akafunga mzigo, unga wa uji, pilipili manga, kanga mbili, akajiandaa kwenda Tegeta kumlea mzazi arobaini yake, ndiyo kazi ya mama, hata serikali haijaitaifisha. Jirani aliyeleta habari akakohoa. Akamwambia asiende Tegeta. Mzazi yuko Temeke.

Akaenda Temeke. Akafika kwenye ile nyumba, akauzunguka ua kwa miguu inayojua njia yenyewe, akakuta mlango wa jikoni umetiwa komeo. Akarudi mbele. Akapiga hodi, mara yake ya kwanza katika nyumba ile, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Karibu, mgeni," Mwanabaraka akaitikia kutoka ndani, kabla hata hajamwona.

Akapewa mkeka, akapewa maji. Felista alikuwa amelala, amefungwa tumbo vizuri, amekandwa, ananuka mafuta ya nazi. Alifumbua macho akamwamkia mama yake, akayafumba. Mwanabaraka akamtoa mtoto kwenye kanga zake, akamshika shingo kwa mkono uliokuwa umezeeka kidogo lakini haujasahau, akamweka mapajani mwa Apolonia.

"Ubeti wako ulikuwa wa kweli, Mama Felista," akasema, bila hasira yoyote. "Mwana kwao hurudia. Si huyu hapa, karudi?"

Apolonia akamtazama yule mjukuu. Mtoto akapiga chafya, akamtafuta kwa macho yasiyoona bado, akaanza kulia, na Mwanabaraka akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akamchukua. Mtoto akanyamaza papo hapo.

Wakazungumza habari za mvua na za unga. Jua lilipoinama Apolonia akaaga, akanyanyuka, na miguu ile isiyokuwa na akili ikampeleka upande wa uani, kupitia jikoni. Alikuwa ameshika komeo tayari.

"Siyo huko," Mwanabaraka akamwambia taratibu, mtoto begani. "Wageni wetu wanatokea mbele."

Akamsindikiza mpaka barazani, kama inavyompasa mwenyeji.